Mwalimu wa Hisabati Asiyetaka Kutegemewa

Miaka thelathini na mmoja ya kufundisha hisabati katika shule hii inafikia tamati Ijumaa, tarehe 27 Machi, na mwenzetu anastaafu akiwa mbishi vilevile kama siku aliyoripoti kazini. Wanafunzi humwita Mama Umekwama Wapi. Analijua jina hilo, na analipenda kuliko anavyokubali.

Jina lilitokana na kazi zake za nyumbani. Hutoa maswali matatu tu. Ukikosa, si neno, ila lazima upige mstari pale ulipokwama na ueleze ulichojaribu. Daftari tupu halipokei, na kazi iliyonakiliwa anaitambua kabla hujaketi. Kuna baba mmoja, fundi seremala, aliyemwonea huruma bintiye akamfanyia maswali yote. Mwenzetu alimwita shuleni, akamkabidhi chaki na kumwomba aeleze ubaoni alivyoyapata majibu. Masikini, jasho lilimtoka! Tangu hapo binti alijifanyia kazi zake, na baba husimulia kisa hicho kwa kicheko kila kikao cha wazazi.

Si wote waliocheka. Mwaka mmoja darasa lake la mtihani lilifanya vibaya kwenye majaribio, na wazazi wakaja juu: watoto wapewe majibu wakariri, mtihani uko mlangoni. Mkuu wa shule naye akamtaka alegeze kamba. Akakataa katakata. Alisema yeye hataingia nao kwenye chumba cha mtihani, basi waanze kuzoea. Sisi wenzake tuliingiwa na hofu, maana darasa lile likianguka, lawama zote zingemwangukia yeye.

Kisha, wiki tano kabla ya mtihani, akalazwa kwa upasuaji wa nyonga. Mwalimu wa kushika nafasi yake hakupatikana. Nikatumwa mimi wa jiografia nikawatulize, na mimi na hisabati ni paka na panya. Nilimkuta mwanafunzi mmoja ubaoni, wenzake wanambishia mstari wa nne wa hesabu, na hakuna hata aliyegeuka kunitazama. Kila jioni walijipangia wenyewe maswali ya kufanya nyumbani, asubuhi wakasaidiana palipowashinda. Nilikwenda hospitalini kumsimulia. Alilia kwa furaha, mkaidi yule! Darasa zima lilifaulu.

Dada yetu, asante sana. Tusidanganyane, kuondoka kwako kunatuuma, na ofisi ya walimu itapooza bila ubishi wako. Lakini hatutakubembeleza ubaki. Nenda kapumzike kwa raha, ukiwa na afya tele na wajukuu wa kuwasumbua. Jumatatu darasa lako litaanza kipindi bila wewe, na litaweza. Ulihakikisha hilo wewe mwenyewe.