Uzi na Sindano Kamera Ikizimwa

Marehemu kaka yetu, ambaye watazamaji mlimjua kwa jina la Uzi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa kifungua mimba wa fundi cherehani na muuguzi. Mimi ni dada yake wa mwisho. Nimepewa kazi hii kwa sababu eti naweza kusoma bila kulia. Tutaona.

Alisoma shule ya ng'ambo ya barabara na kumaliza kidato cha nne mwaka 1979. Siku moja alimwigiza mwalimu mkuu, pamoja na kikohozi chake, asijue mwenyewe amesimama mlangoni. Alichapwa, kisha akaitwa ofisini arudie ili walimu wengine nao waone.

Alishona nguo na baba hadi mwaka 1988, alipochukuliwa kuigiza mchezo wa televisheni. Huko alikutana na bwana mmoja mrefu, mwenye ulimi mkali, aliyepewa jina la Sindano. Waliigiza marafiki wanaoishi chumba kimoja na kuvaa koti moja kwa zamu. Hata nje ya studio walikuwa hawaachani. Mwaka 1992 kaka alimwoa mpambaji wa waigizaji wa studio hiyo, wifi yetu huyu, na msimamizi wa harusi akawa Sindano.

Mwaka 2009 mwongozaji aliamua Uzi afe kwenye mchezo. Sindano aliambiwa mapema, akafyata mdomo. Kaka alijua siku ya kusoma mchezo kwa pamoja, alipofungua ukurasa na kukuta anazikwa. Watazamaji walikuja juu, Uzi akaachwa hai, ila urafiki ndio ukafa. Kuanzia hapo kamera ikiwaka wanakumbatiana, ikizimwa kila mtu na kona yake. Wifi, brashi mkononi, akageuzwa tarishi.

"Mwambie mwenzako ananikanyaga," Sindano angemwambia.

"Mwambie huyo ana miguu mikubwa," kaka angejibu.

Sisi tulicheka. Wifi hakucheka, maana ndiye aliyelala na mtu asiyepata usingizi.

Januari mwaka jana kaka alianza kuugua mapafu. Tarehe 2 Juni mwaka huu, kaka akiwa amelazwa hospitalini, wadi namba nne, Sindano alitokea mlangoni. Kaka akageukia ukutani. Wifi akasimama katikati.

"Shemeji, hapa hakuna kamera. Nenda."

Hakwenda. Alivuta kiti, akaanza kwa sauti ile ya kwenye mchezo: "Uzi, koti letu unalo wewe?"

Niliogopa kaka atamfukuza, na pumzi ya kumfukuza mtu hakuwa nayo. Akajibu akiwa bado anatazama ukuta, kwa sauti ya Uzi: "Ninalo. Lakini ulikuwa radhi nizikwe nalo."

"Nilijua, nikanyamaza. Niliogopa nikikutetea wataniua mimi."

"Mwoga wewe."

"Mwoga mimi. Nisamehe."

Kaka aligeuka. "Nimekusamehe, mjinga mkubwa." Halafu, kwa sauti yake mwenyewe, akaomba siku yake ikifika Sindano ashike jeneza upande wa kichwa.

Alifariki dunia tarehe 11 Juni, saa kumi alasiri. Jioni ile ile wifi alisema hataki Sindano aguse jeneza. "Wale wameigiza tu. Miaka yote hii kazi yao ni hiyo. Nani amemsamehe nani?" Tulipanga wabebaji watano na kuogopa kumtaja wa sita. Kesho yake Sindano alikaa kibarazani kwetu kutwa nzima, kofia mapajani, na hakuna aliyethubutu kumwambia baki wala ondoka. Iliniuma sana.

Wifi ameusoma wasifu huu kabla haujachapwa. Alipofika mwisho akauliza mbona yule sikumweka kwenye walioachwa. Nikamwambia, wifi, nimekuogopa wewe. Akajipangusa macho kwa upande wa khanga.

"Mwandike," akasema. "Ila baada yangu. Na jeneza ashike. Akimdondosha mume wangu, namfukia naye."

Marehemu ameacha mjane, na baada ya mjane, Sindano. Kisha mabinti wawili, mjukuu mmoja, na sisi dada zake.

Kaka, lala salama.