Maureen Tattersall na Usiku wa Bluu

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya filamu hapa Bradford, Bi Maureen Tattersall anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi. Wengi mnamfahamu kwa vidole vyake vya bluu, ambavyo hata kwenye harusi ya mwanawe aligoma kuvifunika kwa glavu.

Bluu hiyo ni rangi ya filamu za Ambrose Cudlipp, mwongozaji wa filamu za zamani zisizo na sauti, mtu wa hapa hapa kwetu. Siku hizo kamera hazikuweza kuona gizani. Cudlipp alipiga picha za usiku juani, kisha filamu ikatiwa bluu, na watazamaji wakajua ni usiku. Walioinakili baadaye hawakuitia rangi hiyo, na tangu hapo Cudlipp anachekwa. Katika filamu yake kubwa, baba anavuka shamba kwenda kumchukua mwanawe nyumbani kwa maadui, taa mkononi, jua likiwaka. Glenys wa kantini alipoiona mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mchana kweupe na taa! Huyu alikuwa amelewa, au?"

Maureen hakucheka. Alinuna wiki nzima.

Kilikuwa kimesalia kipande kimoja tu chenye bluu ya asili, nacho kilianza kunata na kupauka. Uongozi ukasema kazi ya Maureen ya kuirudishia filamu bluu yake, kwa kufuatisha kipande hicho, itafungwa akiondoka. Msimu wote wa baridi tumeishi roho mkononi. Akiizamisha filamu kwenye rangi kidogo tu, ni mchana tena; akizidisha, taa yenyewe inapotea. Hakula vizuri, chai yake ilipoa mezani, nasi tukipita mlangoni pake kwa kunyata kana kwamba ndani kuna mgonjwa. Aliharibu mara mbili. Ikabaki filamu ya kutosha jaribio moja.

Jumanne iliyopita tuliionyesha. Maureen alikaa nyuma karibu na mlango, koti amelivaa tayari. Glenys alikuwa mbele na sahani yake ya biskuti. Baba alipoingia shambani na taa, niliogopa kutazama, nikamtazama Glenys. Biskuti ilikuwa imesimama nusu ya njia kwenda mdomoni.

"Izime, mjinga wee!" akamaka. "Watakuona!"

Maureen akavua koti, akakaa mpaka mwisho.

Asante sana, Maureen. Tunakuombea miaka mingi ya chai ya moto na usingizi usio na wasiwasi. Vidole hivyo tu, tafadhali, usivisugue.