Shamba Lililogoma Kulimwa

Fundi cherehani alikuwa ameanza kusinzia ndani ya basi, mara mwanamume wa kiti cha mbele akamgeukia mama aliyeketi kando ya fundi. "Mama, si wewe uliyelifukuza trekta langu shambani kwako?"

"Ndiye mimi, mwanangu. Ila sikulifukuza, nilisema asante, basi."

Fundi akafumbua macho. Usingizi gani tena!

"Tulikucheka sana," mwenye trekta akasema. "Umepanda bila kulima, mabua umeyaacha yametapakaa, kunde zinatambaa ovyo. Tukasema mama wa watu kachanganyikiwa."

"Nilisikia. Hata mume wangu alikuwa akipita njia ya nyuma kwa aibu."

Mwanamume akacheka, kisha akashusha sauti. "Ile mvua kubwa ilipopiga, nilizunguka kutazama. Udongo wa mashamba niliyolima mimi ulikuwa barabarani, tope tupu. Lako lilikuwa limekunywa maji yote. Nikachota udongo wake, mweusi, laini, umejaa minyoo! Mama, nakuvulia kofia."

"Basi acha kulima."

"Nikiacha, wanangu watakula kofia?"

"Na udongo ukiisha wote, utalima mawe?"

Walibishana hivyo hadi kituoni, hakuna aliyekubali kushindwa. Mama akateremka. Mwenye trekta, aliyekata tiketi ya hadi mwisho wa safari, akainuka, akamtwalia gunia la mbegu na kumfuata, huku akibisha bado. Fundi akawasindikiza kwa macho dirishani, akitamani naye angeteremka.