Dodoso Tulilolitunza Vizuri Mno

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Tume ya Mishahara. Mkuu wa ofisi yetu. Na wenzetu mliokaa, pamoja na mliosimama kwa uchache wa viti:

KARIBU MASJALA

Sisi watunza kumbukumbu wa chumba hiki cha majalada tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumekukalisha dirishani kwa sababu upande wa pili majalada yamefika darini, na moja liliwahi kumwangukia mkaguzi. Alipona.

TULIKOTOKA

Tuko saba. Mkubwa wetu ni huyu mwenye miwani ya kamba, tunayemwita Mama Majalada. Ametumika hapa miaka thelathini na moja na anastaafu mwisho wa mwaka huu. Pensheni yake itapigiwa hesabu kwa mshahara wa mwisho, kwa hiyo nyongeza ya mwaka huu ndiyo atakayozeeka nayo.

Kila mwaka waraka wa nyongeza ukifika, tunausoma, tunaguna, tunaufunga jaladani. Safari iliyopita yeye hakuufunga. Alivua miwani akauliza, "Hivi jamani, nani anakaa chini akaamua? Na anaanzia wapi?"

Mpiga chapa wetu akamjibu, "Mama, wanainua kidole dirishani, upepo ukivuma wanaandika."

Tulicheka sote isipokuwa yeye. Swali lilimganda.

MAFANIKIO

Alikwenda kwa mhasibu, akaambiwa wao hupokea tu kiwango. Akaenda kwa watu wa utumishi, wakamwambia, "Ukijua, nasi utuambie." Basi akafanya anachokijua. Alipanda ngazi, akashusha majalada siku nne mfululizo huku akipiga chafya, mpaka akapata mwongozo wa Tume yako.

Kumbe Tume hutazama mambo matatu: bei za vitu zimepanda kiasi gani, hazina ina uwezo gani, na mtu mwenye kazi kama yetu nje ya serikali analipwaje. Hilo la tatu huulizwa wafanyakazi wenyewe kwa dodoso: eleza kazi yako, taja kazi ya nje inayofanana nayo. Kada isiyojibu huhesabiwa haina wa kulinganishwa naye, na hupewa nyongeza ya chini kabisa.

Tulipandwa na hasira. Mbona sisi hatujawahi kuletewa dodoso hata moja?

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tuliletewa. Mama Majalada aliyakuta kumi na moja katika jalada moja safi, yamepangwa kwa mwaka, hakuna lililokunjwa pembe. Kila moja lina muhuri wa IMEPOKELEWA na saini. Karatasi ikifika kwetu tunaipiga muhuri, tunaipa namba, tunaihifadhi, ndivyo tulivyofundishwa. Swali la Tume tulilihifadhi kwa ustadi mkubwa.

Saini tisa ni zake. Siku hiyo alikaa ngazini, jalada mapajani, akasema, "Nimejiponza mwenyewe. Tena kwa mwandiko mzuri."

Ilituuma sana. Saini mbili zilizobaki ni zetu, na hata hizo tisa sisi ndio tuliomshikia kidau cha wino.

OMBI

Hatukuombi kiasi. Dodoso la mwaka huu lilifika wiki mbili zilizopita, na safari hii tumelijaza. Palikuwa na ubishi juu ya kazi inayofanana na yetu. Mmoja alisema stoo ya vipuri, mwingine akataja maktaba. Mama Majalada ndiye aliyesema ni mtunza kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali ya binafsi, kwa kuwa naye akikosea rafu, kuna mtu atahangaika. Tukakubaliana. Lakini tarehe ya mwisho ilikuwa juzi, nasi bado tulikuwa tunabishana.

Tunaomba ulipokee leo, mkono kwa mkono. Na kama si utovu wa adabu, tungependa kujua: kwenye meza yenu mnakaa wangapi, na nani husoma majibu haya?

Utaona halina muhuri. Tuliogopa kwamba tukilipiga, mikono yetu italipeleka kabatini yenyewe.

Mungu akupe afya, akufikishe salama, na akujalie subira ya kusoma hadi ukurasa wa mwisho.

Ni sisi,
Watunza Kumbukumbu wa Masjala ya Chini.

Imesomwa na mpiga chapa. Ilikuwa isomwe na Mama Majalada, lakini yeye ameshika dodoso.