Mzee Anania na Sahani Isiyo na Kondoo

Tarehe 30 Juni, 1958, Mzee Anania Simkoko anavua kanzu nyeupe ya mezani baada ya kuitumikia hoteli yetu ya Tunduma kwa miaka ishirini na miwili. Meneja ametuagiza sisi wa jikoni tuandike wasifu wake, na uwe wa kuchekesha. Basi tutajaribu.

Alianza kwa kuosha vyombo, akapanda hadi kuwa mkubwa wa wahudumu. Vita vilipokwisha wakaja Waitaliano kujenga madaraja ya barabara kuu, na chumba cha chakula kikajaa lugha ambayo hapa hakuna aliyeijua. Anania aliishika kwa masikio tu. Alitufundisha kwamba Mtaliano akiagiza chakula na kutamka "senza", tega sikio, maana kinachofuata hakitaki. "Senza cipolla" ni bila kitunguu, "senza aglio" ni bila kitunguu saumu. Sahani zikaacha kurudishwa jikoni.

Kichekesho chake kikubwa ni cha Bwana Renzo, fundi mkuu wa madaraja. Jioni moja tumbo lilimsokota, akaomba supu bila kitunguu. Kwetu mtu hakatai alichoandaliwa ila kama ni mwiko wa ukoo wake, kwa hiyo Anania akajua amepata mwiko wa akina Renzo. Akamtengea sufuria na kumwonya kila mpishi mpya. Bwana Renzo akala miaka mitatu bila kuonja kitunguu, akidhani katika nchi hii hakilimwi. Siku alipoyaona magunia ya vitunguu stoo alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa, Anania naye ana mwiko. Ukoo wao hawali kondoo, na kitoweo cha wafanyakazi hapa kila Jumamosi ni kondoo. Alimwomba meneja awekewe hata maharage. Akajibiwa kwamba boi hachagui. Mwisho akaenda mbele ya meza ya Bwana Renzo, akaomba kwa Kiitaliano na kwa heshima zote: kwake yeye, "senza pecora", bila kondoo.

Waitaliano pale mezani wakampigia makofi. Wakamsifu anavyotamka vizuri, wakamwita meneja aje asikie, na tangu hapo kila mgeni alipofika Anania aliitwa arudie. Bwana Renzo, ambaye mwiko asiokuwa nao uliheshimiwa miaka yote ile, alicheka kuliko wote. Maharage hayakuja. Jumamosi zote hizo mzee amekula ugali kwa chumvi, ameugeukia ukuta, na sisi tuliokaa naye tunaumia mpaka leo.

Kwa sherehe hii uongozi umemchinjia kondoo wawili. Tulisema mapema. Tukaambiwa zawadi haikataliwi.

Mzee wetu, asante kwa kazi na kwa kutuheshimu hata sisi wadogo zako. Ile nyama usiiguse kwa ajili ya kumpendeza mtu. Mama Sekela, mkeo, amepika kunde nyumbani Chapwa na anakungoja. Hotuba zikianza, wewe inuka uende zako. Meneja hasomi Kiswahili, atasomewa haya kesho. Tunakutakia maisha mema, na chakula ambacho hutapigiwa makofi kwa kukiomba.