Mikono ya Mama kwa Ukurasa wa Watu

Benchi yetu iko hapa Isiolo, nje ya duka la Muiruri, hapo pikapu za Merti zinaposhusha watu na mbuzi bila kubagua. Ni ubao wa lori uliolazwa juu ya mawe mawili, na aliyekaa mwisho lazima aambiwe kabla mwenzake hajainuka, la sivyo anaenda chini. Muiruri tunamwita Wakili, kwa sababu aliwahi kuchapa barua za watu nje ya korti miaka minne, na tangu hapo hakuna sheria asiyoijua. Dima, dereva wa lori, ni Breki, jina alilopewa kwa vile mdomo wake hauna. Ekitela, mlinzi wa stoo ya mahindi, ni Redio. Mimi nasoma mita za maji, natembea sana, kwa hivyo hapo ndipo napumzishia miguu. Kahawa ni ya Ruweida, ya tangawizi kali, na huwa anatumiminia huku akitucheka. Alhamisi hiyo alikuja, akatusalimia salaam aleikum kwa sauti ya chini, akaweka chupa zake mbili, na hakumimina.

— Ruweida, leo kahawa imelala? Redio akauliza.

— Nimeibiwa.

Sote tukaangalia chupa. Zilikuwa mbili vilevile.

— Umeibiwa nini?

— Mama yangu.

Mama yake alikuwa amefariki Biliqo mwaka uliopita, mvua za Novemba zikianza. Hilo tulilijua, tulichanga na Breki akapeleka watu matangani. Tusilolijua ni kwamba wiki tatu kabla ya hapo, Ruweida alikwenda kumwona, akamkuta anapika nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayoanikwa, ikakatwa vipande vidogo kama maharagwe, ikakaangwa kwa mafuta yake mpaka ikauke ikae miezi bila kuoza. Akatoa simu akampiga picha. Mama hakutaka uso wake utokee, kwa hivyo zilikuwa picha za mikono tu: mikono ikikata, ikigeuza, ikitia iliki. Aliporudi mjini akaandika yote kwa ukurasa wake wa Facebook, vile mama alivyomwambia, neno kwa neno.

— Niliandika hivi, Ruweida akasema. "Usiangalie saa. Sikiliza sufuria. Ikiacha kulia, toa." Mama ndiye alisema hivyo. Mimi sikuongeza kitu.

— Sasa shida ni gani? Wakili akauliza.

Ruweida akamwonyesha simu. Kulikuwa na ukurasa unaoitwa Jiko la Shangazi, wa Nairobi, wenye wafuasi laki mbili. Juu kabisa ilikuwa mikono ileile, sufuria ileile, na katikati ya picha wamepiga muhuri wao wa kijiko chekundu. Chini yake maneno: "Siri ya bibi yangu mzaa mama. Usiangalie saa. Sikiliza sufuria."

— Ai! Redio akaruka. Hata maneno hawakubadilisha?

— Waliongeza pilipili hoho tu, Ruweida akasema. Nyirinyiri na pilipili hoho!

Breki alikuwa amenyamaza, na kwa Breki hiyo ni habari. Wakili akamgeukia polepole.

— Breki. Hii si ndiyo ile ulitutumia kwa WhatsApp Jumapili? Ulituandikia ati, "Oneni watu wa Nairobi wanavyoheshimu chakula yetu."

— Ningejua aje? Breki akasema, macho chini. Niliona nyirinyiri, nikafurahi. Nikatuma kwa madereva wote mpaka Moyale.

— Ulimsaidia kubeba!

— Nimesema sikujua, Wakili!

— Wachaneni na Dima, Ruweida akasema. Bado sijafika mahali pabaya.

Alikuwa amemwandikia yule Shangazi kwa heshima. Akamwambia, dada, hiyo ni kazi ya mama yangu, weka jina lake tu, sitaki kingine. Hakujibiwa. Akaandika tena, chini ya picha, watu wote wakaona. Kesho yake asubuhi akakuta ukurasa wake mwenyewe umefungwa. Kulikuwa na ujumbe kwamba ametumia picha za mtu mwingine bila ruhusa, na mwenye picha amelalamika.

— Ngoja, nikasema. Mwizi amekushtaki wewe kwa wizi?

— Na wamemkubalia. Picha zote zimeondolewa. Na ile simu niliyopigia ilikufa tangu Februari, mbuzi aliikanyaga. Sina nakala. Sasa nikitaka kumwona mama, inabidi niende kwa huyo mwanamke nimwangalie chini ya kijiko chake.

Hapo wote wakaongea pamoja.

— Ndiyo maana nasema hizi simu zinatusikiliza! Redio akapaza sauti. Juzi nimetaja njugu tu, haikupita dakika, simu ikaniletea njugu. Hao watu wa Nairobi walikuwa wamekaa hapo ndani wakisubiri mama aongee!

— Mimi Jumamosi napeleka ng'ombe Nairobi, Breki akasema. Naegesha lori kwa mlango wake. Ng'ombe kumi na nane. Hatoki mpaka aweke jina.

— Utaenda mlango gani? Hujui hata anakaa wapi.

— Nitauliza!

— Dawa ni moja, Redio akasema. Tuandike ya uongo. Tuseme nyirinyiri inakaangwa na sabuni ya kipande. Waibe hiyo.

— Sikilizeni sheria, Wakili akasema, akijinyoosha kama yuko mbele ya hakimu. Chakula si ya mtu. Huwezi kuzuia Kenya mzima wasipike nyirinyiri. Ukisema nyama, mafuta, iliki, hiyo ni orodha tu, haina mwenyewe.

— Kwa hivyo uko upande wake! Redio akamkatiza.

— Niache nimalize! Lakini maneno vile yamepangwa, yako na mwenyewe. Na picha ni ya yule aliyeipiga. Hizo mbili ni za Ruweida, na hakuna kijiko kinaweza kuzifanya za mtu mwingine.

— Mimi sikatai watu wapike, Ruweida akasema. Niliandika ndio wapike! Mtu wa Kulamawe aliniandikia amepika, akanitumia picha, nikafurahi mpaka nikalia. Huyu angesema mstari mmoja tu, imetoka kwa mama fulani wa Biliqo, ningemwombea dua. Lakini ati bibi yake! Mama yangu hana mjukuu Nairobi!

Ukurasa ule ulikuwa na nambari ya watu kuagiza viungo. Wakili akaipiga kwa simu yake, akaweka sauti ya nje, akaiweka katikati ya benchi. Wakati huohuo pikapu ya Merti ikasimama mbele yetu, na kati ya waliotelemka alikuwa mama mmoja mrefu, amejifunga shuka nyeusi, akipapasa njia kwa fimbo. Ruweida akainuka mbio kumshika mkono. Alikuwa Luul, dada mkubwa wa marehemu, amekuja hospitali kutibiwa macho. Akakaa nasi huku simu ikiita.

— Jiko la Shangazi, karibu mpenzi, tukutumie nini?

— Ni Ruweida wa Isiolo. Ni kuhusu zile picha za nyirinyiri.

Sauti ikapoa.

— Hayo maneno tena? Dada, picha niliipata kwa grupu. Kitu kikishaingia mtandaoni ni cha kila mtu.

— Kama ni cha kila mtu, mbona ulinifungia mimi?

— Watu walianza kuniuliza maswali. Unaniharibia jina, na mimi hii ndiyo kazi yangu.

— Umeandika ni bibi yako.

— Ni namna ya kusema tu. Na wewe una ushahidi gani kwamba ni mama yako? Hakuna sura hapo. Ni mikono, na mikono ya wazee yote inafanana.

Luul alikuwa amechukua simu ya Ruweida, ile yenye picha, ameisogeza mpaka karibu iguse pua. Akaitazama sana.

— Hii ni mkono ya Gumato, ndugu yangu, akasema. Kisha akainamia simu ya Wakili. Wewe msichana. Unasema hii ni bibi yako?

— Nani huyo tena?

— Mimi nauliza kitu moja. Kidole hii ndogo ya mkono ya kushoto imepinda. Bibi yako, kidole yake ilipinda na nini?

Tulisikia redio ikicheza jikoni kwake, na bomba la maji likimwagika. Luul akasubiri, hana haraka, kama mtu anayesubiri jibu la mtoto.

— Mimi sina wakati wa haya mambo, sauti ikasema, na simu ikakatwa.

Breki ndiye aliyetoa simu yake kwanza. Akaandika chini ya picha ya Shangazi, polepole kwa kidole kimoja: "Kidole cha bibi yako kilipinda na nini?" Kisha akaingia kwa grupu la madereva, akawaomba radhi kwa ile ya Jumapili, akawaeleza yote, akataja jina la Gumato wa Biliqo. Kufikia adhuhuri swali la kidole lilikuwa limeandikwa na watu mia nne, kutoka Marsabit, Garbatulla, hata Nairobi kwenyewe, hilohilo moja, bila tusi. Shangazi alijaribu kuyafuta maswali, yakazidi. Kabla ya alasiri aliondoa picha.

Wakili alimwandalia Ruweida barua ya kulalamikia kule kufungiwa, akaichapa mwenyewe kwa vidole viwili, kurasa tatu, zenye neno "kinyume" mara saba. Siku ya tisa ukurasa ukafunguliwa. Picha zote zilikuwepo. Kuombwa msamaha, hakuombwa mpaka leo. Ruweida akaongeza mistari miwili juu: mpishi ni Gumato wa Biliqo, picha zimepigwa na binti yake.

Siku hiyo Luul alikuwa bado mjini, jicho moja limefungwa bandeji, amekaa nasi. Tulizipitisha zile picha mkono kwa mkono. Redio akaikuza ile ya iliki, akakitazama kidole.

— Na kweli, akasema, kilipinda na nini?

Wote tukamgeukia Ruweida. Alitaka kujibu mara moja, nikamwona anatafuta, uso ukabadilika.

— Sijui, akasema. Nimemwona nacho maisha yangu yote. Sikuwahi kumwuliza.

Luul akamtazama kwa lile jicho moja. Akamvuta karibu, akaanza kumwambia kwa Kiborana, sauti ya chini sana. Mimi, Wakili na Redio hatukielewi. Breki anakielewa. Baada ya maneno machache tu aliinuka bila hata kutuambia tujishike, akaenda kusimama mbali, kando ya lori lake, akatugeuzia mgongo.

Ruweida alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtoka wala hayafuti. Kidole gumba chake kilikuwa tayari juu ya simu. Luul akauona mkono, akaufunika kwa wake.

— Hii, akasema kwa Kiswahili, usiandike.