Kimya cha Shangazi Antena

Wasikilizaji wapendwa, hii ni redio ya bweni. Ketini vizuri. Mwenye kofia aivue. Asiye nayo ajikune kichwa kwa heshima.

Tunamkumbuka fundi wa mtandao wetu, Shangazi Antena. Tulimzika wiki iliyopita. Fundi amezikwa, lakini kazi yake haijazikwa. Mkuu wa shule ana maoni tofauti.

Mnazijua antena zake nne: juu ya paa la jiko, la maktaba, la bweni na la zahanati. Antena nne, kazi moja: kutuhudumia sote kwa pamoja. Ila kila moja ina tabia zake. Baridi ikiingia, hii inawahi, ile inachelewa, na zinaharibiana kama kwaya yetu. Kwa hiyo kila asubuhi Shangazi alizifanya zisikilizane kwanza. Moja inatuma, nyingine zinajibu, yeye anasawazisha tofauti. Wakati huo sote tulizima simu na kompyuta. Sote.

"Fundi, nina barua pepe za maana," mkuu alimwambia siku moja, kasimama chini ya ngazi.

"Na mimi nina antena za maana, Mwalimu. Zima, au panda unishikie bisibisi."

Hakupanda. Alizima.

Binti yake, naye fundi, anasema: "Nyumbani alimzima hata baba katikati ya maongezi. Baba alimalizia sentensi mchana. Mama alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta unazuia mtandao."

Baada ya mazishi, mkuu alipiga marufuku kile kimya cha asubuhi. Eti kinapoteza muda. Sasa antena hazielewani, na zahanati haipati mtandao. Jana mwenzetu alibanwa na pumu. Muuguzi alishindwa kumpigia daktari, akatimua mbio kuvuka uwanja mzima kumwita. Mwenzetu amepona. Muuguzi bado anahema.

Mume wa marehemu, na wewe binti yake, dada yetu, poleni sana. Msiba wenu ni wetu.

Sasa tutafakari. Binti wa marehemu yuko juu ya paa la jiko, na bisibisi ya mama yake mkononi. Mkuu amekataza kuzima mtandao kwa ajili ya antena. Kuomboleza hakukukataza. Basi simameni, mzime simu na kompyuta, tumwomboleze mpaka dada ashuke.

Mwalimu, dirisha lako liko wazi, tunakuona. Zima na hiyo ya mfukoni.

Ahsante.

Kimya.